Kumi na Tisa kutoka Chini

Sheria ya nchi yetu ilikataza mwanamke kushuka mgodini. Ndiyo maana Daktari Vasudha Kelkar, aliyeijua mashine yetu kuliko mtu yeyote, hakuwahi kuitia machoni. Alikaa juu, katika ofisi ya mabati kando ya mnara wa lifti, akisoma karatasi nilizompandishia kila mwisho wa zamu. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake na miguu yake.

Naitwa Devasahayam, ila mgodini kila mtu aliniita Sahayam. Baba yangu alichimba dhahabu ya Kolar, na babu yangu kabla yake, aliyeletwa na Waingereza kutoka nchi ya Watamil akiwa na sufuria moja na mke mmoja. Mimi nilikuwa fundi umeme wa pampu. Mwaka 1982 watu wa sayansi kutoka Bombay waliomba fundi asiyeogopa kukaa peke yake, na nyapara akaandika jina langu bila kuniuliza.

Chumba chao kilikuwa mita elfu mbili na ushee chini ya ardhi, katika handaki la zamani ambalo dhahabu yake ilikwisha kabla sijazaliwa. Humo walikuwa wamepanga mirija ya chuma mia nne, tabaka juu ya tabaka, kama kuni. Mwale wa angani ukipenya mwamba wote ule na kukatiza kwenye mirija, mashine ya kuchapa hulia ta! na karatasi hupata mstari mmoja: saa ngapi, mirija ipi imeguswa, na tabaka lipi limeguswa kwanza. Ukiunganisha mirija iliyoguswa unapata njia ya mwale. Ukiirefusha njia hiyo ikapita mwamba na mawingu, unajua ulitokea upande gani wa mbingu. Kwa siku tulipata mitatu au minne. Siku nyingine hatukupata kitu.

"Mama," nilimwuliza siku za mwanzo, "kitu cha mbinguni mnakitafutia shimoni?"

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitano, lakini mtu wa elimu ile humwiti dada. Alicheka. Kwao ni Pune, na Kitamil chake alijifunza kwa wachimbaji, kwa hiyo hakujua kwamba nusu yake ilikuwa matusi.

"Kaka Sahayam, ukitaka chai safi unafanyaje?"

"Naichuja."

"Basi. Huku juu miale inanyesha kama mvua, inatupita mimi na wewe sasa hivi tunavyoongea. Mwamba ndio kichujio. Inayofika kwako kule chini ni ile yenye nguvu za ajabu, na hiyo ndiyo ninayotaka kuiuliza: wewe, nani kakutupa?"

Swali hilo ndilo lililokuwa limewagawa yeye na mkubwa wake, Profesa Ranganath Hebbar, mzee mwembamba wa Bombay aliyevaa shali hata wakati wa joto. Profesa alikuwa akija mara mbili kwa mwaka, anakunywa kahawa, anatukagua kama mahari. Kwa maoni yake miale ile ilitoka kwenye nyota zilizolipuka zamani, na kabla ya kutufikia ilikuwa imezurura angani miaka mamilioni, ikipindwa huku na huku na sumaku za anga.

"Kuuliza mwale umetoka wapi," alimwambia Vasudha mbele yangu, "ni kuokota jani mtoni Ganga na kuliuliza mti wake. Jani lenyewe limeshasahau."

"Labda yapo majani yasiyosahau, Profesa."

"Binti yangu, hayo ni mashairi."

Mke wangu Kanikai naye alikuwa na maoni yake. Nilipomweleza kazi yangu mpya aliniangalia huku anakanda unga wa ulezi. "Kwa hiyo unakaa gizani unasubiri kitu kisichoonekana, kikipita unamwandikia mtu barua. Tofauti yako na mganga ni kofia tu."

*

Mwezi wa pili wa mwaka 1986 karatasi zilianza kubadilika. Badala ya mistari mitatu kwa siku ikawa minane, kumi. Tena ilikuja kwa mafungu: minne ndani ya dakika tano, kisha kimya saa nyingi, kisha mitano kwa mkupuo. Nilikagua nyaya zote. Nikabadilisha betri. Mafungu yakaendelea.

Siku moja ya mwezi wa nne, nilipotoka zamu, nilimkuta Daktari Vasudha amesimama mlangoni mwa ofisi. Si kawaida yake. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa umebandikwa karatasi zangu, amezichora mistari kwa penseli nyekundu.

"Ingia. Funga mlango. Hapana, uache wazi, watu watasema. Njoo utazame hapa."

Mafungu yale yalikuwa yanarudi kila baada ya saa nne na dakika arobaini na nane, kasoro sekunde kidogo. Na njia zake zote, alipozirefusha, zilikwenda kukutana sehemu moja ya mbingu, katika kundi la nyota la Dajaja, lile ambalo Wazungu wanalichora kama ndege wa majini mwenye shingo ndefu. Pale kuna nyota mbili zinazozungukana karibu karibu. Mzunguko wao mmoja huchukua saa nne na dakika arobaini na nane, kasoro sekunde kidogo. Hata nchi za ng'ambo, alisema, wataalamu walikuwa wakigombana mwaka ule kuhusu nyota hizo hizo: wapo waliodai wameona miale yake, wapo waliowacheka.

"Umeshamwambia Profesa?"

Akanionyesha barua. Mwandiko wa Hebbar ulikuwa mdogo kama wa mtu anayebania wino. Saa nne na dakika arobaini na nane, aliandika, mara tano ni siku moja kamili. *Kinachorudi mara tano kwa siku ni cha binadamu, kama adhana. Tafuta winchi ya lifti, tafuta pampu, tafuta baruti. Nyota waachie wapiga ramli.*

"Anasema ni mgodi wetu," nilisema. Niliona uchungu kidogo, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inanuka.

"Anakosea. Zamu za mgodi hazichelewi wala haziwahi, si ndiyo? King'ora ni kile kile kila siku. Hivi vitu vinawahi dakika mbili na robo kila siku. Kwa mwezi, zaidi ya saa nzima! Mgodi gani unahama hivyo?" Akavua miwani. "Lakini nahitaji shahidi. Kaa pale chini, niandikie kila kitu kinachotokea. Baruti ikilia, andika. Pampu ikiwaka, andika. Mtu akipiga chafya, andika. Kesho linakuja fungu saa moja na dakika kumi asubuhi, nyota ikiwa juu kabisa ya vichwa vyetu."

*

Sikwenda peke yangu. Nilimchukua Chinnappan, fundi wa magogo ya kuegemeza paa, mtu wa miaka hamsini aliyefukiwa mara mbili na kufukuliwa mara mbili. Alikuwa na mzaha hata kanisani.

"Tunamsubiri nani?" aliuliza tulipokaa.

"Mgeni kutoka nyotani."

"Amekula?"

Mwamba wa Kolar huongea, lazima mjue hilo. Kwa kina kile uzito wa dunia unaukamua, na saa zote unausikia: tik, tik, krrr, kama mtu anayetafuna mifupa ya kuku chumba cha pili. Maji hudondoka. Mende hukwaruza chini ya mbao. Mchimbaji hazisikii tena sauti hizo, kama usivyosikia pumzi yako mwenyewe. Niliandika: *Saa 1:02, pampu ya kusini inafanya kazi. Saa 1:05, hakuna baruti. Saa 1:08, Chinnappan anajikuna.*

Halafu mwamba ukanyamaza.

Sijui niseme vipi ili mnielewe. Hakuna kilichotokea. Paa lilikuwa pale pale, taa zetu zinawaka sawa. Lakini ile tik haikuja, na iliyofuata haikuja. Mende wakatulia. Tone la maji lililokuwa limening'inia kwenye ncha ya jiwe mbele yangu likabaki limening'inia. Nikahisi nywele za mikononi zinasimama moja moja.

"Umesikia?" Chinnappan alinong'ona.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo maana nauliza."

Mashine ikalia ta! Ikalia tena. Ta, ta. Mara sita. Nikatazama saa: moja na dakika kumi. Kisha tone likadondoka, mwamba ukaanza tena kutafuna, na mende mmoja akapita juu ya kiatu changu kana kwamba hakuna neno.

Chinnappan alisimama, akakung'uta suruali. Hakuwa na mzaha wowote usoni. "Sahayam, mimi nimefukiwa mara mbili. Kule ndani niliogopa kufa, basi. Hapa sikuogopa kufa. Niliogopa kuonekana." Akaondoka. Tangu siku ile hakukanyaga tena handaki lile. Paa letu likawa linakaguliwa na mtu mwingine.

Daktari Vasudha alipoisoma ripoti yangu alifika kwenye mstari wa kunyamaza kwa mwamba, akasimama. Alikunja ukingo wa karatasi, akaukunjua.

"Una uhakika?"

"Nilikuwapo, Mama."

"Nikimpelekea Profesa hii, atasema fundi wangu anaona majini."

"Uliniambia niandike kila kitu."

"Nilikwambia," alikubali. Akaweka karatasi ile pamoja na nyingine, bila kuikata. Nilipata kumheshimu zaidi kwa jambo hilo dogo.

Nilikaa huko mara kumi na moja, kati ya mwezi wa nne na wa sita. Mara kumi mwamba ulinyamaza. Sikuzoea. Nyumbani Kanikai aliniona nimekonda. "Hiyo nyota yako inakula nini?" aliuliza. "Maana wewe hauli." Alikuwa anacheka, lakini usiku huo huo alinifunga uzi wa Mama Bikira mkononi, na mimi sikuutoa.

*

Profesa Hebbar alikuja mwezi wa saba, kwa treni, akiwa na begi moja na hasira iliyokwisha kupoa na kuwa adabu, ambayo ni mbaya zaidi. Tulikaa ofisini. Kanikai alikuwa ametuletea ugali wa ulezi uliofinyangwa madonge, na mchuzi wa dengu. Profesa alikula kidogo sana kwa vidole vitatu.

"Nimesoma kila kitu," alisema. "Hata mwamba ulionyamaza." Akanitupia jicho. "Binti yangu, una mafungu mazuri, una saa nzuri. Lakini umefanya jaribio la upande mmoja. Umesubiri nyota ikiwa juu. Nyota ikiwa juu, ukapata kitu, ukafurahi. Nani amesubiri ikiwa imetua?"

"Ikitua hakutakuwa na kitu. Dunia nzima itakuwa katikati."

"Hasa. Mwamba wa kilomita mbili, sawa, tuseme miale yako mipya inaupenya. Dunia nzima haiwezi. Kwa hiyo tutasubiri wakati nyota iko chini ya ardhi. Fungu likija hata hivyo, basi ni kelele ya mgodi na umepoteza mwaka wako. Lisipokuja, nitapiga magoti nikuombe radhi, na magoti yangu ni mabaya."

Vasudha alikuwa ameshapiga hesabu, akalivuta daftari. "Kesho. Saa sita na dakika kumi na mbili mchana. Nyota itakuwa upande wa pili, chini yetu, imeinamia kaskazini."

"Nitashuka mwenyewe," Profesa alisema.

"Ningeshuka mimi," alisema Vasudha.

Asubuhi nilimvisha Profesa kofia, viatu vya mpira na taa. Katika lifti alifumba macho. Joto lilipoanza kutupanda alivua shali, na nilipomwona bila ile shali niliona jinsi alivyokuwa mzee. Chumbani alikagua kila mrija, kila waya, akagusa mashine ya kuchapa kwa kidole kama mtu anayemgusa ng'ombe wa wenyewe. Nilipiga simu juu.

"Tumefika, Mama."

"Usikate simu," alisema Vasudha. "Iweke pembeni tu."

Tukakaa. Profesa alianza kunieleza habari za utoto wake, mwembe wa jirani alioiba maembe yake, sijui kwa nini. Labda alisikia mwamba unatafuna na alitaka kuuzidi sauti. Saa sita na dakika nane. Tisa. Kumi. Alikuwa katikati ya sentensi.

Mwamba ukanyamaza, na safari hii haikuwa kama zile nyingine. Zile za mwezi wa nne zilikuwa kama mtu anayepita mlangoni. Hii ilikuwa kama mtu aliyesimama. Profesa aliacha kusema. Niliona midomo yake bado inacheza, na nikaelewa kwamba alijaribu kuendelea na sauti haikumtoka. Jasho lililokuwa linanitiririka mgongoni likawa baridi. Nikahisi, mtanisamehe kwa kusema hivi, kwamba nyayo zangu zinatazamwa.

Ta.

Ta. Ta, ta.

Ilikuwa inachapa kama mashine ya kushona. Nilihesabu kwa vidole, vidole vikaisha, nikaanza upya. Kwa mwanga wa taa yangu niliona karatasi ikitambaa, nikasoma safu ya mwisho, ile ya tabaka lililoguswa kwanza. Kwa miaka minne safu ile ilikuwa imeandika moja, moja, moja: tabaka la juu. Mara moja tu, mwaka 1983, iliandika nne, tabaka la chini kabisa, na watu wa Bombay walikuja na kamera. Sasa ilikuwa inaandika nne. Nne. Nne. Nne.

Profesa alipiga magoti. Nilidhani ameanguka, nikamshika bega, lakini alikuwa anainama kwa makusudi. Mzee yule aliweka sikio lake sakafuni, kwenye mwamba wenye joto.

"Kuna nini chini yetu?" aliuliza.

"Hakuna kitu, Bwana. Mwamba. Mahandaki mawili ya zamani, yamejaa maji."

"Hakuna watu?"

"Hakuna."

Iliendelea kwa dakika tisa. Kisha krrr, mwamba ukarudi, tone likadondoka, na kwenye simu iliyolala mezani sauti ndogo ilikuwa ikiita: "Sahayam? Kaka Sahayam? Imekuja?"

Profesa alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya maiti. "Mwambie mashine imeharibika."

"Bwana?"

"Mwambie. Nitamweleza mwenyewe tukipanda. Sasa mwambie hivyo."

Mimi ni mtoto wa mgodi. Mkubwa akisema, unafanya. Niliichukua simu.

"Mama, Profesa anasema mashine imeharibika."

Niliisikia pumzi yake kule juu, kwenye mchana na jua.

"Na wewe unasemaje?"

Nilimtazama Profesa. Alikuwa bado amepiga magoti, uso wake umeelekea sakafuni, wala hakunikonyeza wala kunitisha. Nafikiri hata yeye alikuwa anangoja kusikia.

"Mimi nasema imekuja kumi na tisa," nilisema. "Yote kutoka chini. Upande wa kaskazini."

*

Hawakugombana kama nilivyotegemea. Profesa alijifunika shali yake, akakaa kwenye kiti cha ofisini, akaomba maji.

"Sikutaka kukuibia," alimwambia Vasudha. "Nisikilize. Ukitangaza ya mwezi wa nne peke yake, una nyota. Watu wakubwa huko nje wanaisubiri nyota hiyo, watakushika mkono. Ukitangaza na ya leo, huna kitu. Ipo chembe moja tu inayojulikana ambayo inaweza kupita dunia nzima, na hiyo karibu haigusi kitu. Kwa miaka minne tumepata moja tu. Kumi na tisa kwa dakika tisa? Watasema Wahindi hawajui juu na chini. Nilitaka iharibike kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," alisema Vasudha, "au kwa ajili yako? Ulisema likija ni kelele ya mgodi. Haya, limekuja. Sema ni kelele."

Profesa alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu ya ofisi, ambayo ilikuwa saruji tu yenye nyufa.

"Siwezi," alisema. "Nilikuwapo."

Chinnappan alikuwa amesimama mlangoni. Habari mgodini hutangulia lifti. Alikuwa ameivua kofia yake kwa heshima, lakini swali lake lilikuwa halina adabu hata kidogo.

"Wakubwa, samahani. Mwezi wa nne kilitoka juu kikashuka chini, si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Vasudha.

"Na leo kimetoka chini."

"Kwa sababu nyota iko upande wa pili wa dunia, Mzee Chinnappan. Ni nyota ile ile."

"Sawa, nyie ndio mliosoma. Mimi nauliza tu. Mna hakika gani kwamba hiki cha leo kinatoka kwenye nyota? Mimi naona mwezi wa nne kilishuka. Sasa kinarudi."

Nje king'ora cha zamu ya mchana kililia, na sote wanne tukashtuka kama wezi.

*

Vasudha hakulala vizuri kwa wiki mbili, niliona machoni. Alikuwa na makala mbili mezani, moja yenye nyota ya mwezi wa nne peke yake, nzuri kabisa, na nyingine yenye kila kitu. Siku moja alinipa ile ya pili niipeleke posta. Alikuwa ameandika yote: mafungu ya juu, kumi na tisa ya chini, majina ya mashahidi wawili. Mstari mmoja ulisema kwamba fundi wa zamu aliripoti kupungua kwa sauti za mwamba katika nyakati hizo, na kwamba sababu haijulikani. Profesa Hebbar alikuwa ametia saini chini ya jina la Vasudha. Alichukua siku nane kukubali, lakini alitia.

Ilirudishwa mara tatu. Mhariri mmoja alishauri kwa upole kwamba waya za tabaka la kwanza na la nne zibadilishwe. Hatimaye ilichapwa katika jarida dogo la Calcutta, kurasa za nyuma. Kwa miaka miwili alipata barua moja, kutoka kwa mtu aliyetaka kumwuzia mirija.

Na mafungu yalikoma. Tarehe sita ya mwezi wa nane nilikaa, saa ikafika, mwamba ukaendelea kutafuna mifupa yake. Nilingoja nusu saa. Nilimpigia simu nikamwambia hakuna, akasema, "Asante, kaka," kama mtu aliyepewa habari za msiba alioutarajia. Hayakurudi tena, mwaka ule wala mwingine. Ng'ambo walijenga mashine kubwa kuliko yetu mara elfu, wakazielekeza kwenye nyota zile zile mbili, hawakuona miale wanayoitafuta. Wale waliokuwa wakigombana wakaona haya, wakahamia ugomvi mwingine. Hadi leo, Vasudha ananiambia, hawajakubaliana miale mikali kuliko yote inatoka wapi. Yeye alihamia kituo cha mlimani kule Kusini. Nywele zimekuwa nyeupe. Bado anapokea miale, na bado anaiuliza nani kaitupa.

Profesa Hebbar alistaafu mwaka uliofuata. Aliniandikia barua moja tu, kwa ule mwandiko wake wa kubania wino. Hakuuliza habari za mashine. Aliuliza kama yale mahandaki mawili ya chini yetu nilikuwa na hakika yalikuwa matupu, na kama kuna mtu aliyewahi kuteremka kuyaangalia baada ya siku ile. Nilimjibu ukweli: yalikuwa yamejaa maji tangu wakati wa Waingereza, na hakuna mtu angeweza. Nilisikia alikufa kabla ya sikukuu ya Diwali.

Mgodi wetu ulifungwa mwaka 2001. Pampu zikazimwa, maji yakapanda handaki moja baada ya jingine, na mirija mia nne imelala humo.

Watoto wangu hunicheka kwa jambo moja. Kwetu watu hulala chini, kwenye mkeka, sakafu ya baridi ni raha hasa wakati wa joto. Baba yangu alilala hivyo na alikufa hivyo. Mimi siku ile ya mwezi wa saba nilirudi nyumbani, nikalala kwenye mkeka kando ya Kanikai, nikafumba macho, na kabla usingizi haujanichukua nikahisi tena lile jambo la kutazamwa, mgongoni kote, kuanzia visigino hadi kisogoni. Niliinuka. Kanikai aliamka akaniuliza nina nini. Nikamwambia kesho nitamwita seremala.

"Wa kufanya nini?"

"Kitanda. Kirefu cha kwenda juu."

Kanikai alisogea, akaukunja mkeka, akausimamisha ukutani, na tukakaa wote wawili juu ya sanduku la nguo, miguu tumeipandisha, hadi kulipokucha.